Mwanangu kabishana na mwalimu wa Shule ya Jumapili kwa sababu ya katuni ya Musa

SWALI

Shikamoo Mama. Bwana Yesu asifiwe.

Nakuandikia kutoka Morogoro. Nina watoto watatu. Kifungua mimba ni mvulana wa miaka 13, anayemfuata ni msichana wa miaka 8, na kitinda mimba ametimiza minne. Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, akitoka leo kurudi ni baada ya wiki mbili au tatu. Nyumbani niko na mama mkwe. Mimi ni fundi cherehani, kazi naifanyia barazani, na sitakuficha: saa nyingi za jioni anayenishikia watoto ni runinga.

Shule zilipofungwa Desemba nilikuwa nimechoshwa na katuni za kupigana na kutukanana. Nikaenda kwa kijana mmoja anayewajazia watu filamu kwenye flashi, nikamwambia nataka katuni za Kikristo tupu. Akanijazia arobaini. Nikarudi nyumbani na amani yangu. Nilijua hata wakishinda peke yao pale mbele, wako na Neno la Mungu.

Mwezi haukuisha. Jumapili moja mwalimu wa watoto aliuliza ni nani aliyemwokota Musa mtoni. Binti yangu akajibu, "Malkia, mke wa Farao." Mwalimu akasema hapana, ni binti Farao. Mtoto akashikilia. Akaongeza kwamba Musa na Farao walilelewa kama ndugu na walikuwa wakishindana kwa magari ya farasi, na kwamba Musa hakumuua yule Mmisri, alimsukuma tu akaanguka. Wenzake wakamcheka. Akarudi nyumbani analia, "Mama, mimi nimeona kwa macho yangu!" Jioni mwalimu akanitumia ujumbe: "Mama, tunaomba mumsomee mtoto Biblia nyumbani." Mimi naimba kwaya ya akina mama. Niliona aibu mpaka mazoezi ya Jumatano sikwenda.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Katika filamu hiyohiyo kuna usiku wa pigo la mwisho, wazaliwa wa kwanza wanakufa. Nilikuwa barazani, sikujua. Tangu siku hiyo mdogo wao anaamka usiku, anakwenda kitandani kwa kaka yake na kumwekea kiganja puani kuona kama anahema. Hii ni wiki ya tatu. Nilipombembeleza aniambie, akasema, "Kaka ndiye wa kwanza."

Na huyo kaka mwenyewe hataki hata kukaa nasi. Anasema katuni za Yesu ni za watoto wadogo, tena ananiuliza, "Mama, kwani Yesu alikuwa Mzungu?" Sina jibu, anachukua simu anatoka nje.

Nilipoanza kuzipitia zile arobaini nikakuta mbili hazina Ukristo wowote, zina malaika kwenye jina basi. Mama mkwe anasema alinionya: kumchora Yesu ni sanamu, na katuni zote zina roho zisizoeleweka. Mume wangu kwenye simu anasema, "Kama ni ya Biblia ni ya Biblia, unajisumbua bure." Halafu kuna watoto wawili wa jirani yetu, ni Waislamu, hupenda kuja kutazama na wa kwangu. Mama yao sijawahi kumuuliza.

Naomba unisaidie. Nizifute zote? Na kama si zote, mtu kama mimi, Kiingereza changu cha kuunga, nitachaguaje?

Mama wa cherehani, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Amina, asifiwe.

Nianze na huyo anayeamka usiku. Mengine yanaweza kusubiri.

Usimwambie "ni katuni tu". Kwa mtoto wa miaka minne hakuna "tu". Alichokiona amekielewa barabara: wazaliwa wa kwanza wanakufa, kaka yake ni mzaliwa wa kwanza, na hapakuwa na mtu mzima wa kumwambia kinachofuata. Filamu unayoieleza naijua, ni The Prince of Egypt. Inaanza na askari wakiwapokonya akina mama vichanga vyao. Mbele kidogo Musa anaota michoro ya ukutani ikitembea, watoto wakitupwa kwa mamba. Na usiku wa pigo, mtoto aliyebeba mtungi anaingia ndani ya nyumba, kisha tunauona mkono wake tu chini. Hakuna damu wala kelele, na ukimya ule ndio unaomwingia mtoto. Marekani ilikotengenezwa iliwekwa daraja la PG, maana yake mzazi awe karibu aelekeze. Kenya nako bodi yao ya filamu hutumia herufi hizohizo, na huweka GE kwenye filamu za watu wote. Ukiziona herufi hizo kwenye kasha au mwanzoni mwa filamu zizingatie, ingawa kwenye flashi za kujaziwa huwa hazifiki.

Kwa sasa walaze kitanda kimoja, ili akishtuka usiku amkute kaka pembeni yake bila kutembea gizani kwenda kumpima pumzi. Kisha mchana, jua likiwaka, msimulie hadithi yote kwa mdomo wako, kaka akiwa amekaa hapohapo. Anzia kwenye damu milangoni, pita baharini, umalizie na Miriamu na matari yake upande wa pili. Mtoto amekwama kwenye ule usiku, hajavuka na wenzake. Mvushe. Mwambie ulikuwa usiku mmoja, Misri, zamani sana, na haurudi. Kaka naye amwambie mwenyewe, "Mimi nipo." Ikipita mwezi mwingine na hofu haijapungua, mpeleke kliniki ueleze kama ulivyonieleza. Filamu yenyewe iweke kando mpaka afike umri wa dada yake, na hata hapo aitazame mkiwa pamoja.

Sasa binti yako. Huyo mtoto hakusema uongo hata kidogo. Malkia yumo kwenye filamu, mashindano ya magari yamo, na yule Mmisri anasukumwa na kuanguka kutoka juu kwenye majengo. Ila Kutoka sura ya pili inasema vingine. Aliyemwokota ni binti Farao. Farao hatajwi jina, na hakuna mahali panaposema alilelewa pamoja na Musa.

Watengenezaji hawakuficha. Filamu hiyo ilitolewa na DreamWorks mwaka 1998, na kabla ya picha ya kwanza kuna maandishi yanayokiri kwamba wamejipa uhuru wa kisanii na wa kihistoria, na kwamba simulizi la Biblia lenyewe linapatikana katika kitabu cha Kutoka. Wamekiri, wakakutuma kitabuni. Lakini wamekiri kwa Kiingereza, kwa sekunde chache, mbele ya mtoto wa miaka minane ambaye mama yake yuko barazani anamalizia sare za watu.

Bibi zetu walikiri kwa sauti, na sisi tukaitikia. "Hadithi, hadithi!" Nasi: "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea!" Kabla sungura hajafungua mdomo, kila mtoto ameshajua kwamba humu mna uwongo na umetiwa ili utamu ukolee. Habari za Musa kanisani hazianzi hivyo, wala hazipaswi. Katuni ya Musa imechanganya vyote viwili kwenye sahani moja, Neno na chumvi ya msimulizi, na mtoto aliyeachwa peke yake hana namna ya kujua ipi ni ipi.

Kwa hiyo usizifute zote. Anzisha nyumbani mchezo wa kutafuta chumvi. Kabla ya filamu mnasoma sura yenyewe. Kutoka 2 haimalizi dakika tano. Filamu ikianza, anayeona kitu ambacho hakikuwa kwenye sura ananyoosha mkono, mnasimamisha, anasema. Biblia ashike yule mkubwa, yeye ndiye mwamuzi. Nimefundisha watoto wa Shule ya Jumapili zaidi ya miaka ishirini, na sijaona mtoto anayesinzia katika mchezo huu. Tena binti yako ana faida juu ya wenzake wote, kwa kuwa filamu ameishika kichwani. Akiishika na sura, atamsaidia mwalimu.

Lakini chumvi si ya aina moja, na hapa ndipo penye kazi yako ya kuchagua.

Kuna inayompa jina asiyetajwa. The Miracle Maker ya mwaka 2000, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa Wales na Urusi kwa wanasesere wanaosogezwa kidogo kidogo mbele ya kamera, inamwita binti wa Yairo Tamari, na sehemu kubwa ya maisha ya Yesu tunaiona pamoja na msichana huyo. Luka anatuambia tu kwamba alikuwa na umri wa kama miaka kumi na miwili. Chumvi hiyo sioni ubaya wake. Inamfanya msichana kama wa kwako aone kwamba Yesu aliingia chumbani kwa mtoto, akamshika mkono. Tena filamu hiyo ina jambo zuri: Yesu akisimulia mfano, au mtu akikumbuka ya nyuma, wanasesere wanaondoka na inaingia michoro ya mkono. Mtoto anaona kwa macho kwamba sasa tumetoka kwenye tukio, tumeingia kwenye hadithi.

Kuna inayolainisha dhambi. Hii ndiyo iliyompata binti yako, nami inaniuma kuliko lile suala la malkia. Kitabuni, Musa anatazama huko na huko, anaona hapana mtu, anampiga Mmisri na kumficha mchangani. Alikusudia, na alihakikisha haonekani. Kesho yake anatambua kwamba jambo limejulikana, Farao anataka kumuua, anakimbilia Midiani. Mtu huyohuyo mwenye damu mikononi ndiye aliyeitwa kwa jina lake mara mbili kutoka katika kijiti kinachowaka. Ukilifanya lile tendo kuwa ajali umemsafisha Musa, lakini umepunguza rehema aliyopewa. Mtoto wa miaka minane anaweza kulibeba hilo, mwanangu. Muulize, "Mungu anaweza kumtuma mtu aliyefanya kosa kwa kukusudia?" Halafu nyamaza umsikilize. Usiharakishe kumjibia.

Na kuna chumvi ya tatu, na hii ndiyo ya kufuta. Ni pale hadithi ya Biblia inaposimuliwa mpaka mwisho na Mungu hahitajiki. Goliathi anaanguka kwa kuwa Daudi alijiamini, watu wanaokoka kwa kuwa walishikamana, na Mungu anakuja kutajwa kwenye wimbo wa mwisho. Linganisha na maneno ya Daudi mwenyewe kwenye 1 Samweli 17: vita ni vya BWANA. Katuni kama hizo ni nyingi, zina rangi nzuri na nyimbo tamu, na wazazi hawazishtukii kwa sababu hazina tusi wala ngumi. Zinafundisha adabu. Adabu ni kitu kizuri, hata babu zetu waliokuwa hawajaisikia Injili walitulea nayo. Phil Vischer, mmoja wa Wamarekani wawili walioanzisha VeggieTales mwaka 1993, zile katuni za nyanya na tango wanaozungumza, alikuja kusema hadharani kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiwafundisha watoto kuenenda Kikristo bila kuwafundisha Ukristo wenyewe. Kampuni yake ilikuwa imeshafilisika, naye alipotulia akaipima upya kazi aliyoifanya. Namheshimu kwa kulisema.

Wewe huna muda wa kutazama filamu arobaini nzimanzima. Kwa kila moja tazama dakika kumi za mwanzo na robo saa ya mwisho. Mwanzo utakuonyesha kama kuna kitisho kisichomfaa mdogo. Mwishoni jiulize swali moja: hapa nani ameokoa? Hilo halihitaji Kiingereza kingi. Utaona wanamshukuru nani, wanamtazama nani, na wanamwimbia nani. Hizo mbili zenye malaika kwenye jina tu zisingefika dakika ya tano. Kazi hiyo gawana na mkubwa wako, naye yuko likizo.

Hizo za nyanya na tango usizitupe, zinamfaa kitinda mimba. Ni fupi, hazitishi, na wenyewe walijiwekea mpaka kwamba Yesu hawamfanyi mboga. Kuna moja ya mwaka 2000 inayosimulia habari za Daudi na Bathsheba, ambapo mfalme anatamani bata wa mpira ambaye mtoto mwingine huoga naye. Mtoto wa miaka minne anapata lake: usichukue cha mwenzako. Akifika miaka kumi na mitatu mnafungua 2 Samweli 11 na 12, anakutana na jambo lenyewe. Superbook nayo, yenye watoto wawili na roboti wao wanaorudi nyakati za Biblia, ina vipindi vya nusu saa hivi, na imetafsiriwa kwa lugha nyingi. Kila kipindi kina habari yake, kwa hiyo ni rahisi kusoma sura kwanza. Ila usimfungulie mdogo bila kuchagua, maana vita na misalaba vimo.

Binti wa miaka minane mpe The Miracle Maker, mkiwa wote. Mpe pia Joseph: King of Dreams ya mwaka 2000, ya walewale waliotengeneza ya Musa, ambayo ni habari ya Yusufu tangu ndoto zake hadi ndugu zake walipoinama mbele yake. Mke wa Potifa yumo, kwa staha. Hapo usiruke mbele kwa haraka kama anayeficha kitu. Mwambie alitaka Yusufu amsaliti bwana wake, naye akakataa, akafungwa kwa kukataa.

Krismasi ikikaribia mtaikuta The Star ya mwaka 2017, ambapo habari za kuzaliwa Yesu zinafuata punda. Nendeni Mathayo na Luka mkamtafute huyo punda. Hayupo. Mamajusi nao hawajahesabiwa kuwa watatu, na Mathayo anasema walimkuta mtoto nyumbani. Huo ni mchezo wa chumvi wa jioni nzima, na mama mkwe ataupenda.

Mwaka 2025 ilitoka The King of Kings, kazi ya studio ya Korea Kusini, na ndiyo ambayo ningependa mume wako aione akirudi safari. Ndani yake mwandishi Charles Dickens anamsimulia mwanawe mdogo habari za Yesu. Kilichonigusa ni asili yake. Dickens mwenyewe aliandika maisha ya Yesu kati ya 1846 na 1849 kwa ajili ya watoto wake tu, wasomewe nyumbani, na hayakuchapishwa kwa umma mpaka 1934. Mtu aliyekuwa akisomwa na Uingereza nzima alikaa akaandika kitabu cha sebuleni kwake. Filamu hiyo inafika msalabani. Mdogo wako aondoke kabla ya Gethsemane, akalale na bibi.

Tuje kwa kaka mkubwa. Swali lake kuhusu Yesu ni la haki, na angekuwa wangu ningelifurahia. Mjibu kwamba hapana, Yesu alikuwa Myahudi, amekulia Nazareti ya Galilaya, mtu wa jua la Mashariki ya Kati. Wachoraji wa Ulaya walimchora wakitazama majirani zao, na picha hizo zikaja kwetu pamoja na vitabu. Kisha ikaja ile filamu ya Yesu ya mwaka 1979, ambayo sisi tuliitazama uwanjani usiku, kitambaa cheupe kimefungwa kati ya miti miwili na jenereta inanguruma nyuma. Yesu alisema Kiswahili, tukalia. Mwigizaji alikuwa Mwingereza. Nilikuwa mtu mzima tayari nilipogundua kwamba kila nikifumba macho kuomba nauona uso wa mtu yule. Mweleze hayo. Halafu mwonyeshe kwamba The Prince of Egypt ilijitahidi, Waebrania na Wamisri wake ni watu wa rangi ya kahawia.

Na mwambie jambo ambalo vijana wetu wengi hawaambiwi, kwamba Waafrika nao wanatengeneza. Studio ya Sunrise ilianzia Zimbabwe. Mwaka 2003 ilitoa filamu ndefu, The Legend of the Sky Kingdom, ambayo wanasesere wake waliundwa kwa vyuma chakavu na makorokoro ya jalalani. Leo studio hiyo iko Cape Town, na ndiyo iliyotengeneza filamu ya Daudi, David, iliyotoka mwaka 2025. Kijana wa miaka 13 mwenye simu anaweza kumsogeza mwanasesere wa udongo kidogo kidogo na kumpiga picha moja moja. Mpe mfano wa Msamaria Mwema, umpe na mabaki ya vitambaa vyako. Huyo anayesema katuni ni za watoto wadogo, ukimkabidhi azitengeneze utaona kama atatoka nje.

Kuhusu lugha, jihadhari na zile zilizotafsiriwa kwa sauti ya mtu mmoja juu ya filamu. Wengi wao ni mafundi wa kuchekesha na hujaza maneno yao. Kwa filamu ya mapigano hiyo ni burudani, ila Yesu akiwekewa mzaha mdomoni mtoto atalala nao. Kwa mdogo wako zima sauti kabisa, umsimulie mwenyewe kwa Kiswahili chako, dakika ishirini tu kisha mlale. Na kama mnatazama kwa bando kwenye YouTube, zima ile sehemu inayocheza video inayofuata yenyewe, maana kinachokuja baada ya Nuhu hukukichagua.

Mama mkwe usimpuuze, mwanangu. Katazo la sanamu liko kwenye Amri Kumi, na Wakristo wamelijadili tangu zamani kwa machozi, si jambo la bibi asiyeelewa. Kanisani kwenu pengine kuna picha za Yesu na watu hawaziabudu, na hilo unaweza kumwambia kwa heshima. Lakini hofu yake ina kiini cha kweli: picha inashika kuliko neno. Mimi na ule uso wa Mwingereza ni ushahidi. Kwa hiyo mwombe yeye awe wa kwanza. Ijumaa jioni bibi awasimulie watoto habari za Yona au Danieli, wajichoree vichwani mwao kwanza. Jumamosi ndipo mtazame filamu. Utashangaa jinsi wajukuu watakavyosema, "Bibi hakusema hivyo."

Watoto wa jirani: nenda leo ukamuulize mama yao. Usingoje. Kwa Waislamu wengi kuwachora manabii hakufai, na The Prince of Egypt haikuruhusiwa kuonyeshwa Misri wala Malaysia. Nabii Musa wanamjua vizuri, na Qur'ani, katika Suratul Qasas, inasema mke wa Firauni ndiye aliyeomba mtoto asiuawe, wamlee. Yaani kwenye suala la malkia filamu imesogea upande wao, na watoto wale wangemwambia binti yako kwamba amejibu sawa. Mama yao akikataa, watoto wacheze uani, filamu iwe ya saa nyingine. Akikubali, atakuwa amekubali akijua.

Mume wako akipiga simu mwambie hivi: ndiyo, ni ya Biblia, na ndiyo maana inahitaji mtu mzima pale sebuleni. Huwezi kuacha kazi, nami sikuambii uache. Cherehani ya Jumamosi jioni izime kwa muda wa saa moja na nusu tu. Siku nyingine wakiwa peke yao wape zile ulizokwisha kuzipima, ziwekee folda yake.

Limebaki la mwalimu. Mjibu ujumbe wake kabla ya Jumapili, maana umekaa kimya muda mrefu. Mshukuru, mwambie mtoto aliliona hilo kwenye filamu na sasa mnaisoma Kutoka nyumbani, na muulize kama binti anaweza kupewa dakika tano aeleze darasani mambo matatu ambayo filamu imeongeza na kitabu hakina. Binti mwenyewe ayachague. Na Jumatano nenda mazoezini, wenzako wanakungoja.